Namna ya kuandika riwaya ya kutisha inayotokea dukani, na duka lenyewe liwe hapa Kigoma

Wanaoandika stori za kutisha wengi wanakimbilia makaburini, au msituni, au nyumba ya bibi kijijini, na sina ugomvi na hizo sehemu ila naamini kabisa duka linatisha kuliko zote na bado hatujaliandika inavyostahili. Makaburini unaenda mara moja moja tena ukiwa umeshajiandaa kuogopa. Dukani unaenda kila siku, unamtuma mtoto wa miaka sita akanunue kiberiti na anaenda peke yake, kwahiyo mahali kama hapo pakiharibika msomaji wako hana pa kukimbilia maana kesho asubuhi sukari itaisha tu na atalazimika kwenda.

Mifano yangu yote ni ya Kigoma na Ujiji, ukiwa Tabora badilisha majina mambo yataenda vilevile.

Kabla hujaleta mzimu lijue duka kwanza. Tafuta duka la jumla pale Mwanga au Ujiji, muombe mwenye duka ukae kwenye benchi kutwa nzima, usiandike chochote we angalia tu. Nani ana funguo za kufuli za nje na nani ana za stoo, maana mara nyingi sio mtu mmoja. Nani anamwaga maji mlangoni asubuhi. Mteja wa kwanza akiomba kukopa anajibiwaje (wengi hawakopeshi mteja wa kwanza, wanaamini anafunga riziki ya siku nzima). Hela kubwa inawekwa wapi na chenji inakaa wapi. Mzani unafutwa na nini. Jioni wanavyofunga hesabu nani anasoma daftari na nani anabonyeza kalkuleta. Af uliza kwa upole mambo ambayo hawayafanyi, utaambiwa kuna maduka mpaka leo giza likiingia hawauzi sindano wala chumvi, na ukiuliza kwanini watakwambia ndo tulivyokuta. Hapo ushapata sheria ya riwaya yako bila kutunga. Msomaji anaijua tayari, na akimuona mhusika wako mgeni kutoka Dar anamuuzia mtu chumvi saa tatu usiku huku anacheka, mwili unamsisimka kabla hujaandika neno lolote la kutisha.

Sasa nakuja kwenye kitu ninachoona ndo roho ya jambo lote. Duka kazi yake ni kuhesabu. Mifuko ya unga inahesabika, sabuni zinahesabika, madeni yameandikwa kwa jina na tarehe, kila jioni lazima kilichotoka kilingane na kilichoingia. Ndomaana mzimu wa dukani hatakiwi kuwa mzimu wa kuvunja chupa na kuzima taa, hizo ni kelele tu na zinaweza kutokea nyumba yoyote. Mzimu wa dukani awe hesabu isiyofunga, awe deni. Ukilishika hilo kila kitu kingine kitajipanga chenyewe, ukilikosa utabaki unaandika vivuli vinapita nyuma ya friza mpaka msomaji achoke.

Watu watakwambia basi si uandike chuma ulete. Sawa, kila Mtanzania anaijua chuma ulete, unauza kutwa nzima jioni hela hazionekani, ila kwasababu kila mtu anaijua haimtishi mtu tena, anajua tu mwenye duka ataenda kwa mganga, kutafukuzwa mtu, imeisha. Igeuze. Fanya hela zizidi. Kila jioni droo inakuwa na elfu nne na mia tano zaidi ya mauzo, kila jioni kiasi kilekile, wala haipungui shilingi. Mwanzoni keshia anafurahi, anaziweka mfukoni, nani atajua. Wiki ya pili anaanza kujiuliza nani analipa hizi hela na analipia nini. Hilo swali la pili ndo litambeba msomaji wako kurasa mia mbili, maana hakuna mtu anayelipa kila siku kiasi kimoja bila kuwa analipia kitu kwa mafungu.

Nikupe kipande uone ninavyomaanisha:

"Alihesabu mara ya tatu. Noti zilikuwa kavu zote isipokuwa mbili za elfu mbili na moja ya mia tano ya zamani, hizo zilikuwa na ubaridi wa kitu kilichotoka majini, na alipozishika zikaacha mchanga mwembamba kwenye vidole. Akainua trei ya droo ili afute. Chini yake kulikuwa na shanga. Nyekundu, ndogo, zimepangwa kwa mstari kama mtu alikuwa anahesabu akakatishwa."

Umeona hakuna aliyepiga kelele hapo wala taa haijazimika. Droo, noti, mchanga na shanga tu. Vitu vya dukani vyenyewe ndo vinafanya kazi, na msomaji amebaki na maswali mawili, hizi shanga ni za nani na kwanini alikatishwa.

Kuhusu shanga sikuziweka bure, na hapa naomba tukae kidogo maana mkoa wetu una utajiri wa historia ambao waandishi wengi wanaupita. Ujiji ilikuwa kituo cha misafara. Njia ilitoka hapa ikapita Tabora mpaka Bagamoyo, kilomita kama 1,200 kwa miguu, na kilichopita kwenye hiyo njia ni pembe za ndovu na watu. Malipo wakati huo yalikuwa vitambaa na shanga. Shuleni tulifundishwa kuhusu Stanley kumkuta Livingstone chini ya mwembe Novemba 1871 na ukienda pale Ujiji kwenye makumbusho ndo stori utakayopewa kwanza, lakini mwandishi wa hofu inabidi ageuze shingo awaangalie watumwa waliokuwa wanapita nyuma ya wale wazungu wawili, watumwa wenyewe wamefungwa shingo. Hao hawakuandikwa majina. Walihesabiwa tu kama bidhaa, kwa idadi na bei.

Sasa weka duka lako la leo juu ya kiwanja ambacho zamani misafara ilikuwa inalala. Wanaokuja usiku sio majini wala mashetani, ni watu waliouzwa, na zile elfu nne na mia tano ni malipo, wanajikomboa kidogokidogo kwa bei waliyowekewa. Na anayechukua zile hela akaweka mfukoni amekubali bila kujua kwamba yeye ndo mwenye mali, anayedai. Unaona hofu inapoanzia? Mizimu wala haitaki kumuua, wanachotaka ni risiti. Wanataka karatasi inayosema deni limekwisha na huyu keshia ndo mtu pekee anayeweza kuwapa, ila kwanza lazima arudishe hela zote alizokwisha kula, na alishanunulia simu.

Hiyo plot ukiitaka ichukue, nimeitoa kwa moyo mweupe. Jambo moja tu nakusihi, wale watu waliouzwa walikuwepo kweli, kwahiyo usiwafanye vinyago vya kutishia watoto. Mmoja wao mpe sura, mpe mkono wenye kovu, mpe kitu alichokuwa anapenda kula. Anayestahili kutisha kwenye riwaya hii ni yule aliyeandika bei.

Na kuna jambo la kweli kabisa unaweza kulitumia kama mbegu. Livingstone aliporudi Ujiji Oktoba 1871 akitoka upande wa pili wa ziwa, akiwa mgonjwa na hoi, alikuta bidhaa zake alizotumiwa zikawekwa pale zimsubiri zimeshauzwa zote na mtu aliyekabidhiwa. Fikiria hilo, Ujiji, stoo, mali imekabidhiwa mtu, mwenyewe anarudi anakuta patupu. Yaani hata miaka hiyo stoki ilikuwa haifungi!

Ukitaka duka liwe Kigoma mjini karibu na bandari au stesheni badala ya Ujiji basi chukua meli. Liemba ilijengwa Papenburg Ujerumani mwaka 1913 ikaitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipandevipande ikapakiwa kwenye makasha yanayotajwa kuwa kama 5,000, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam, ikaletwa kwa reli ambayo ilifika Kigoma 1914, ikaungwa hapa ikashushwa majini 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, na kabla ya kuizamisha wakapaka injini grisi nyingi kwasababu walikuwa na mpango wa kurudi kuichukua. Waingereza waliiinua 1924 na ikarudi kazini 1927. Sasa mwandishi aliyezoea hesabu za dukani anajiuliza, makasha yote hayo, je yote yalikuwa ya meli? Kwenye riwaya yako kuna kasha moja lilizidi, halikuwa kwenye orodha, likaingizwa kwenye ghala la mfanyabiashara na ghala hilo leo ni stoo ya duka la vifaa vya ujenzi. Stoo inanuka grisi hata ukideki kwa sabuni ya unga kila Jumamosi. Harufu ya grisi inatisha kwasababu msomaji ameshaambiwa kazi yake, grisi inapakwa na mtu anayepanga kurudi.

Wahusika wasizidi wanne au watano. Keshia, mpakuzi wa stoo, mlinzi wa usiku, mwenye duka, na labda mtoto wa mwenye duka aliyerudi kutoka chuo anataka kuweka kompyuta na kamera. Kila mmoja ajue kipande ambacho wenzake hawajui. Mlinzi anajua kwamba kuna mlango unafunguliwa ila anadhani ni mpakuzi anaiba. Mpakuzi anajua mifuko inasogezwa ila anadhani ni mlinzi. Mwenye duka anajua yote tangu enzi za baba yake na amenyamaza. Na hapa kuna swali ambalo stori nyingi za kutisha zinaanguka, kwanini hawaachi kazi? Kwenye nyumba ya kupanga mtu anahama tu. Dukani jibu lipo na ni la kweli, kila anayejua maisha ya maduka analijua, mali ikipungua unakatwa mshahara. Kijana wa stoo ana miezi mitatu hajapokea kitu kwasababu ya katoni za mafuta zilizopotea, akiondoka leo anaondoka mikono mitupu na huko nyuma ataitwa mwizi. Amefungwa na deni kama waliofungwa zamani, na wala huhitaji kulisema hilo waziwazi kwenye kitabu, liache lionekane lenyewe.

Kalenda yako iwe ziwa. Kama hujakaa Kigoma hili hutalijua, dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, ukisimama Kibirizi ukaangalia ziwani unaona taa zimetanda mpaka mbali, mwezi ukiwa mkubwa zile taa hazivuti dagaa vizuri na wavuvi wengi wanapumzika. Maana yake hela ya mji inapanda na kushuka na mwezi. Siku za giza duka limechangamka, mvuvi ananunua mchele kilo kumi na soda za watoto. Siku za mbalamwezi watu wanakopa. Basi waambie wateja wako wa usiku waje kipindi gani? Mimi ningewaleta mbalamwezi, wakati mauzo yapo chini kabisa, ili zile hela zinazozidi zionekane wazi na pia ili keshia awe na njaa ya kuzichukua. Na ukitaka ubane zaidi iweke stori mwaka 2024, uvuvi kwenye ziwa ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, miezi mitatu hiyo daftari la madeni la duka lolote la mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, linaweza kunenepa na mwenye duka akaanza kufikiria mambo ambayo siku za kawaida asingefikiria. Kipindi hicho hicho ni kiangazi, upepo wa kusini unavuma, mabati yanapiga kelele usiku kucha na hakuna anayejua kelele ipi ni ya upepo.

Hofu yenyewe iongeze taratibu. Sauti ya duka usiku ni friza, inanguruma mpaka watu hawaisikii tena. Umeme ukikatika friza inanyamaza, na ndo mara ya kwanza mlinzi anasikia kilichokuwa kinafunikwa na ile ngurumo, labda mtu anahesabu kwa sauti ya chini, kwa lugha ambayo nusu anaielewa. Sceni moja kama hiyo inatosha chapta nzima, usiijaze na damu. Damu ukiitumia mapema huna cha kupandia tena.

Mzimu awe na adabu. Apige hodi. Kama ni mtu mzima amkiwe shikamoo na aitikie marahaba, aulize bei, aombe apunguziwe, akipewa chenji ahesabu. Kitu kinachoishi kama sisi ila hakitakiwi kuwepo kinatisha kuliko kinachotoa meno. Na lugha ya wateja wako iwe ya hapa, kuna Waha, Wamanyema, kuna wanaovuka kutoka Kalemie na Uvira na Kiswahili chao cha Kongo, kuna Warundi wanakuja na faranga wanauliza chenji. Mteja mmoja wa usiku akiongea Kiswahili cha kizamani kidogo keshia atadhani ni Mkongo tu, hatashtuka, na msomaji ndo atashtuka kwa niaba yake.

Tumia makaratasi ya duka ndani ya kitabu. Weka ukurasa wa daftari la madeni kama ulivyo, jina, kitu, kiasi, na chini kabisa jina ambalo limekatwa kisha likaandikwa tena kwa mwandiko mwingine. Weka ripoti ya Z (jumla ya mauzo ya siku) ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ripoti inayotoka kila siku ikiwa na namba yake ya kufuatana, ije asubuhi moja ioneshe mauzo ya saa nane usiku wakati duka lilikuwa na kufuli mbili. Weka meseji ya malipo ya lipa namba, "umepokea", na jina la mteja ambaye wiki iliyopita duka zima lilienda kumzika. Ila hizi ziwe chache, kila moja ibebe habari mpya, ukiweka nyingi kitabu kinakuwa faili la mhasibu. Mimi napenda zaidi daftari kuliko hizo za mashine kwasababu mwandiko una mkono nyuma yake.

Jambo ambalo sitaki ulichukulie kirahisi, usimfanye bibi kizee kuwa mchawi wa riwaya yako. Kwenye mikoa yetu ya magharibi na kanda ya ziwa wazee, hasa kina mama, wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwasababu tu macho yao ni mekundu, na macho yanaharibiwa na moshi wa jikoni miaka na miaka. Watu wenye ualbino nao wamewindwa kwa imani za utajiri, na utajiri wa dukani ndo kabisa unahusishwa na hizo imani za kafara na ndagu, yaani dawa ya utajiri. Stori inasambaa kwenye simu haraka sana na kuna mtu ataisoma kama ushahidi. Ukihitaji ndagu kwenye stori basi hatia iwe kwa tajiri mwenyewe na tamaa yake, aliyetolewa kafara awe mtu kamili tunayemlilia, na dawa ieleweke kuwa haikuleta kitu. Bibi kizee mpe kazi nyingine, awe ndiye anayekumbuka kiwanja kilikuwa cha nani.

Mwisho wa kitabu usimlete mganga wala mchungaji akamaliza kila kitu kwa usiku mmoja, msomaji amelipa kurasa zote hizo anastahili mhusika wake ajikwamue mwenyewe. Kama ulianza na deni, malizia na malipo. Keshia akate risiti. Hapo una njia mbili na zote ni nzuri, ama hela zimetimia na risiti inatoka, ama imebaki elfu nne na mia tano ya mwisho na hana, na inabidi aamue aitoe wapi. Mimi naipenda ya pili ila inahitaji uwe umepanda mapema kitu ambacho keshia hataki kukiuza, labda kile kipini cha mama yake, usikitoe tu hewani ukurasa wa mwisho.

Ukiwa unairusha kwa vipande WhatsApp au Facebook kata kila kipande kwenye hesabu, sio kwenye yowe. Yaani kipande kiishe keshia anasema "imezidi tena" au mlinzi anahesabu watu waliotoka na anapata mmoja zaidi ya walioingia. Maneno 800 mpaka 1,000 kwa kipande yanatosha kwa mtu anayesoma kwenye daladala kutoka Ujiji kwenda mjini. Usianze kurusha kabla hujajua bei waliyowekewa wale watu ni kiasi gani na imebaki kiasi gani, piga hesabu zako kwenye karatasi, usiku kwa usiku, maana wasomaji wa stori ya dukani wanahesabu na wewe, ukikosea jumla wa kwanza kukwambia atakuwa muuza duka.